Rangi Isiyotoka kwa Maji

Miaka ile ya foleni, miaka ambayo hata kibiriti ulikipangia mstari, Mtaa wa Narung'ombe ulikuwa na mwanamke mmoja ambaye hukuweza kumdanganya kwa kitu chochote cha urembo. Mboni binti Mwinyimvua, mpambaji wa maharusi. Toka Gerezani mpaka kule bondeni Jangwani, mwanamke akiletewa poda, wanja au rangi za macho, hakuamini mpaka apite kwanza kwa Mboni. Na si bure! Maduka ya Kariakoo, jamani, ulikuta rafu tupu na mwenye duka anajipepea. Vitu vya urembo vilikuja kwa mlango wa nyuma, kwenye mkoba wa baharia au chini ya kiti cha gari la Mombasa, na penye dhiki hapakosi mjanja. Watu waliokota makopo matupu ya Ulaya, wakajaza takataka zao, wakaziba vizuri na kuuza. Wasichana wa watu wakapaka, kesho yake macho yamevimba hata njia hawaioni.

Mboni alikuwa na taratibu zake. Kwanza ananusa. Kisha anagusa rangi kwa kidole cha shahada, anaisugua na gumba, polepole, kichwa kakiinamisha upande. "Rangi mbovu inalia," alikuwa akisema. "Ukiisugua utausikia mchanga wake. Rangi nzuri inanyamaza." Halafu anapaka ndani ya mkono, pale karibu na kiwiko ambapo ngozi ni laini, anapuliza, maana mali mbovu hukimbia pumzi. Mwisho ni kitambaa cha maji. Anapangusa mara moja tu. Ikitoka, anamrudishia mwenyewe kopo lake na neno moja: "Chaki." Ikibaki, anasema, "Hii mali." Basi, mtu aliondoka na neno hilo akaringa nalo mtaa mzima.

Aliolewa mara mbili, akaachwa mara mbili, na sababu ilikuwa ile ile ambayo watu huisema kwa kunong'ona huku wakihakikisha unasikia. Hakuzaa. Mdogo wake alipofariki na kuacha mtoto wa kunyonya, Mboni alikwenda akamchukua, akamlea kwa uji na maziwa ya kopo. Mtoto ndiye Zamda. Kwa mila Mboni alikuwa mama mkubwa wake, lakini Zamda toka ajue kutamka alimwita mama, basi, bila mkubwa wala mdogo, na Mboni hakuruhusu mtu yeyote amsahihishe. Mwenye ulimi mrefu aliyewahi kujaribu alifukuzwa uani kwa ufagio.

Amewapamba watoto wa wenziwe mpaka vidole vikaota sugu. Kila alipomfunua bi harusi na vigelegele vikapigwa, alijisemea moyoni: na wangu nitampamba. Kwa mkono wangu mimi. Hilo tu ndilo alilokuwa akilingoja duniani, si gari wala nyumba ya ghorofa.

Basi Mungu naye ana mambo yake. Zamda amekwisha kuwa binti mzima anafanya kazi kiwanda cha nguo, macho ya Mboni yakaanza kuingia ukungu. Ukungu kweli, hata juani. Akaanza kuchanganya buluu na kijani, kisha kahawia na kijivu, kisha rangi zote zikawa za familia moja. Alichobaki kukiona ni umbo, na giza na mwanga. Zamda akilalamika kuwa wali una mawe, Mboni anamjibu kwa ukali, "Mchele wa mgawo huo, unategemea nini?" Taa ikiwa hafifu, ni mafuta ya taa ya siku hizi. Miaka ile kila kibaya kilikuwa na wa kulaumiwa, na maradhi ya Mboni yakajificha humo humo.

Aliyejua ni mmoja tu, jirani yake Theopista, mwanamke wa kutoka Songea aliyekuwa akifanya usafi hospitalini. Yeye ndiye aliyempeleka kwa daktari. Daktari akamulika, akasema, "Mama, huyu ni mtoto wa jicho. Ngoja akomae ndipo tumkate."

Mboni alicheka njia nzima ya kurudi, kicheko kibaya, mpaka watu wakageuka kumwangalia. "Umesikia, Theopista? Miaka yote nimemwomba Mungu mtoto. Kanipa. Wa jicho!"

"Mwambie Zamda, dada," Theopista alimsihi. "Mwambie, akusaidie. Wahenga walisema mficha uchi hazai." Hapo hapo akajishika mdomo. Aibu ilimjaa, methali gani ile ya kumwambia mwanamke kama Mboni! Lakini neno limeshatoka.

"Nitamwambia akishaolewa," alisema Mboni. "Akijua sasa hivi atatafuta mpambaji mwingine. Nimpambe kwanza. Baada ya hapo hata wakining'oa yote mawili nimeridhika."

Na posa ilikuwa imeshaingia. Kijana aliitwa Abdulla, mtu wa heshima zake, kwao wana duka Mtaa wa Sikukuu. Wazee wake hawakuwapo, aliyesimamia mambo yote ni shangazi yake, Bi Amna. Bi Amna huyo alikuwa mwanamke wa kunyooka, mwenye sauti ya chini na sura isiyokwambia kitu. Yeye ndiye aliyeleta sanduku la bi harusi.

Asiyejua sanduku aelezwe: upande wa mume hukusanya kanga, viatu, manukato, vya mwilini na vya usoni, vikaletwa kwa bi harusi na kufunguliwa mbele ya wanawake wa pande zote mbili. Kitu kimoja kimoja kinainuliwa juu, kinapigiwa vigelegele, kinapitishwa mkono kwa mkono. Kikiwepo kibovu, wenye adabu wanasema ahsante, wanakiweka chini, halafu mtu mzima mmoja anakwenda kumnong'oneza mwenziwe pembeni. Ndivyo ilivyo, na Mboni alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle chumbani.

Kikatolewa kisanduku cha rangi za macho. "Cha Maskati hicho," akasema Bi Amna, na wanawake wa upande wake wakapiga vigelegele.

Mboni akakipokea. Akanusa. Akagusa, akasugua. Mchanga mtupu! Angeweza kusema ahsante. Lakini mtu mwenye siri kubwa kifuani huwa anatafuta kila nafasi ya kuwaonyesha watu kwamba yuko vile vile. Akapaka mkononi, akapuliza, vumbi likaruka mbele ya wote.

"Chaki!" akapaza sauti. "Chaki ya kuandikia ubaoni, na buluu ya kufulia nguo! Maskati gani hiyo? Maskati ya hapa Kariakoo, uchochoroni!"

Wee! Chumba kilipasuka kwa kicheko. Upande wa bi harusi walianguka wakashikana mbavu, mmoja akaanza kuimba "Wanja wangu wa chaki," wimbo wa kubuni pale pale. Maskini Bi Amna alikuwa ameuziwa tu, ametapeliwa kama mwingine yeyote, tena alikipata kwa taabu. Hakujitetea. Alisubiri kicheko kipungue, akasema kwa sauti yake ile ya chini, "Ama fundi huyu kiboko. Hata hakukitazama. Anaona kwa vidole."

Watu wakapiga makofi wakidhani ni sifa. Mboni naye alitabasamu, lakini Theopista alimwona akificha mikono chini ya kanga.

Asubuhi ya harusi Bi Amna alifika mapema na wanawake wake, kachukua kopo jingine. Hili lilikuwa la mviringo, kifuniko chake kinazungushwa na kutoka kabisa, ndani rangi nne zimegawanywa kama vipande vya chungwa. Hakusema limetoka wapi. Akamkabidhi Mboni mkononi. "Lipime, bibi. Nisije nikaaibika mara ya pili."

Mboni akalipima. Kidole kiliteleza juu ya rangi kama juu ya hariri, wala hakusikia chembe. Akapuliza, haikuondoka. Akapangusa kwa maji, akapangusa tena, akasugua mpaka ngozi ikapata joto. Rangi imekaa pale pale. Toka aanze kazi hakuwahi kushika kitu kama kile, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Hii mali," akasema. "Hii ndiyo mali, Bi Amna. Haitoki hii. Mtu akilia nayo, akioga nayo, haitoki."

"Alhamdulillahi," akajibu Bi Amna.

Mpango wa Mboni na Theopista ulikuwa tayari. Theopista angekaa ubavuni, ashike kopo, na kila kidole cha Mboni kikikaribia rangi angejifanya anasifu: buluu hiyo, kahawia hiyo. Wakaingia chumbani, Zamda kakaa kwenye mkeka, mikono imejaa michoro ya piko, uso umeoshwa unang'aa. "Mama," akasema, "mbona unanipapasa uso hivyo?"

"Furaha hiyo. Funga macho. Na kioo hukioni mpaka nimalize, unajua sheria yangu."

Hapo ndipo sauti ilipoingia toka barabarani: "Sukari! Sukari imeletwa duka la ushirika!"

Nani atakaa? Niambie, nani wa miaka ile angekaa? Chai ya harusi haikuwa na hata kijiko cha sukari. Upande wote wa bi harusi ukainuka kama mtu mmoja, hawa wanatafuta mifuko, hawa wanafunga kanga huku wanakimbia. Na kila kaya ilitakiwa mtu wake mwenyewe kwenye foleni. Theopista alisimama mlangoni akageuka. "Siendi," alisema.

"Nenda," Mboni akamjibu. "Wageni watakunywa maji ya moto? Nenda, hapa nitaweza mwenyewe."

Theopista akainama, akashika kidole gumba cha Mboni akakiweka kwenye ukingo wa kopo, akamnong'oneza sikioni, "Buluu iko hapa, chini ya gumba. Usiliachie, dada. Nakuomba usiliachie." Akaenda.

Wakabaki Mboni na Zamda, na Bi Amna na wanawake wake, ambao duka lile halikuwa lao, wamekaa ukutani wanatazama.

Jicho la kulia lilikwenda vizuri mno. Gumba halikutoka mahali pake. Mboni alipaka kwa ncha ya kidole, akaieneza rangi mpaka kwenye mfupa, na ingawa aliona kivuli tu, mkono ulikumbuka maharusi wote waliopita. Lakini kazi ya Mboni, na mtaa mzima ulijua, ilikuwa ni jicho moja mpaka likamilike na wanja wake, ndipo aende la pili. Na wanja unataka mikono miwili, mmoja uvute kope, mmoja ushike kijiti.

"Lete nikushikie," akasema Bi Amna.

Mboni alisita. Angesema nini? Mpambaji gani anayekataa kushikiwa kopo? Akampa. Akatia wanja, akaridhika, akanyoosha mkono. Kopo likarudi.

Je, Bi Amna alilizungusha kwa makusudi? Wapo walioapa kwamba ndiyo, na mimi siku nyingine huungana nao. Siku nyingine nasema mtu akishika kitu cha mviringo kitageuka tu, hakina mbele wala nyuma. Mboni alilipapasa kopo kwa siri, anatafuta shimo la pale alipokuwa akichota. Chaki ingekuwa imechimbika, hata kipofu angeona. Lakini ile ilikuwa mali. Alikuwa amepaka jicho zima na uso wa rangi haukuonyesha hata alama. Akaweka gumba pale moyo ulipomwambia, akasema bismillahi, akapaka jicho la kushoto.

Kimya cha watu wanaotazama kina aina zake, na aliyepamba maharusi miaka mingi anazijua zote. Mboni alisikia kimya cha ukutani kimebadilika. Akaendelea. Akatia wanja. Akashusha mikono.

"Simameni," ikasema sauti ya msichana mmoja wa upande wa mume, inatetemeka kwa kuzuia kicheko. "Simameni, jamani, tuimbe wimbo wa taifa. Kijani ipo, buluu ipo, nyeusi ipo. Imebaki manjano tu, bendera ikamilike!"

Wakacheka. Si wote, lakini wakacheka vya kutosha. Zamda akafumbua macho. "Nini? Mama, wanacheka nini? Nipeni kioo." Mboni hakutoa kioo. Kilitoka mkono mwingine, na Zamda akajitazama, jicho la kulia buluu ya bahari, la kushoto kijani ya majani ya mgomba. Alitazama kioo muda mrefu. Kisha akamtazama aliyempaka. Akainua vidole viwili mbele ya uso wa Mboni, akavisogeza pembeni, na macho ya Mboni hayakuvifuata.

"Toka lini?" akauliza.

Mboni aliinama akaanza kukusanya vijiti vya wanja.

"Ninawe. Leteni maji," akasema Zamda. "Bwana harusi anakuja kunipa mkono sasa hivi, leteni maji!"

Yakaletwa maji kwenye beseni. Wakapangusa. Wakapangusa tena. Haikutoka! Ile mali, ile ambayo Mboni aliisifu kwa kinywa chake mbele ya wote, haikutoka hata kidogo, ilitambaa tu ikashuka mashavuni. Mafuta ya nazi? Yalimalizikia kwenye pilau tangu jana. Kikapatikana kipande cha sabuni ya mche, ile kali ya kufulia, wakasugua nacho kope za bi harusi, na Zamda anauma meno, maji yanamtiririka shingoni. Na kile kisanduku cha kwanza, cha chaki, kilichofukuzwa kwa kicheko? Rangi yake ingetoka kwa pumzi moja.

"Niachieni mimi nimsugue," Mboni akasema, anapapasa hewani akitafuta kitambaa. "Mwanangu, lete uso hapa."

"Basi, mama mkubwa," akasema Zamda. "Inatosha. Ungeniambia tu, mama mkubwa."

Hakusema kwa hasira, na afadhali angesema kwa hasira. Ni neno la haki, la kweli kwa mila zote, na hakuna aliyeweza kumlaumu kwa kulitumia. Mboni alilisikia mara mbili katika pumzi moja, akakaa chini kwenye ukingo wa mkeka.

Bi Amna akasogea. Alikunja mikono ya gauni, akamkausha Zamda uso, akatafuta rangi ya kahawia ambayo ingefunika zote mbili. Alipofika kwenye wanja alinyoosha kopo pembeni. "Nishikie, bibi," akasema. Mboni akalishika. Akalishika kwa mikono yote miwili, wima, hakulizungusha, mpaka kazi ikaisha.

Huko uani wanawake walikuwa wanarudi na sukari zao, na habari iliwapokea mlangoni. Walidhani mwenye macho mabovu na masikio yake mabovu. "Mmesikia? Mboni kapata mtoto uzeeni." "Weee! Wa nani?" "Wa jicho, shoga! Mtoto wa jicho!" Theopista alimwaga sukari yake chini kwa kukimbilia ndani, akakuta kumekwisha. Akakaa karibu na Mboni akamshika mkono, na gumba la Mboni lilikuwa bado limekunjwa kama limeng'ang'ania kitu.

Abdulla alikuja akampa mkono mkewe, dua ikasomwa, na ukafika wakati wa kumtoa bi harusi. Zamda akatokea barazani, kafunuliwa shela, amesimama kati ya Bi Amna na Mboni kama mila inavyotaka. Barabara ilikuwa imejaa, watu wa Narung'ombe, watu wa Sikukuu, wapita njia. Wakaona kope nyekundu, zimevimba, macho yamelowa.

"Maskini!" akalia bibi mmoja aliyekuwa mbele, machozi yakimtoka. "Tazameni alivyolia! Anamlilia mama yake! Kulea huku, jamani, kulea kunalipa!"

Vigelegele vikapaa mtaa mzima. Wanawake wakamjia Mboni wanampa mkono, wanambusu mashavu, wanamwambia hongera, umelea, mtoto ana mapenzi huyo. Akawapokea wote. "Ahsanteni," akasema. "Ndiyo. Ananililia mimi." Bi harusi alikwisha kuingia garini, na hakuwa ametoa chozi hata moja.